Raba ya Pedali

Pesa ya korosho iliingia Jumanne,
ujumbe ukalia kwenye simu nikichambua kunde.
Niliuza kwa stakabadhi, mnada wa tatu.
Sikugusa kangomba hata mwaka ule wa njaa,
kwa hiyo kila shilingi naijua kwa jina:
hii ya mikorosho ya bondeni Kitangari,
hii ya ile mitatu aliyoacha baba,
izaayo peke yake, kwa kiburi.

Issa Nampembe, mume wangu, anataka jipya.
Ana kijitabu cha duka la Dar es Salaam,
kurasa zinang'aa kama kipara kilichopakwa mafuta.
"Hakuna aliyewahi kulikalia," anasema.
"Viti vina nailoni bado.
Tutaivua sisi, Somoe, kwa mikono yetu."
Nikamuuliza bei.
Akanitajia rangi.

Nikauliza tena. Akashusha sauti, kama mtu anayetaja msiba:
misimu mitatu ya korosho,
na benki ituazime wa nne.
Na salfa je? Na wapaliliaji?
Na mama, na safari zake za Ndanda kila wiki ya sita?
Nailoni hailipi palizi, baba.

Lingine liko Masasi, kwa Nahonyo.
Lilitoka Japani, likapewa namba E,
likaendeshwa na mhasibu mmoja wa halmashauri
hadi alipohamishiwa Kigoma.
Lina cheti: kurasa mbili, mihuri mitatu,
limekaguliwa injini, breki, chasisi, hata wipa.
Kilometa elfu sitini na mbili.
Issa alikisoma kama barua ya mkwe wa zamani.
"Mtumba ni mtumba. Hujui lilikolala."

Fundi Mfaume hakukigusa cheti.
Alivua kandambili, akapiga magoti mlangoni,
akapapasa raba ya pedali ya breki kwa kidole gumba
kama mkunga anavyopapasa utosi wa kichanga.
"Namba ya dashibodi hurudishwa nyuma
kabla chai haijapoa," akasema.
"Raba haijui kurudi.
Hii imeliwa kona ya kulia. Elfu tisini, mama, au tisini na mbili.
Lakini imeliwa taratibu.
Aliyeikanyaga hakuwa na haraka,
wala hakuwa na hasira."

Tulirudi Newala kimya, vumbi jekundu katikati yetu.

Usiku umeme ukakatika.
Issa akaketi kizingitini anaosha miguu
kwa maji ya kununua, kopo moja, bila kumwaga tone.
Nikamulika kwa simu.
Nikaziona nyayo.

Alikuja kwangu ana miaka arobaini na minne,
talaka mbili, mtoto Liwale, jino moja halipo,
na muhuri hata mmoja hana.
Shangazi zangu walikaa mkekani, wakahesabu:
mwanamke mwenye ekari tisa, aokote mtumba?
Hujui alikolala, wakasema.
Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule.
Na mimi, wakati wao wanahesabu,
nilikuwa natazama visigino vyake pale mlangoni:
vimelika pembeni, sawasawa, polepole,
visigino vya mtu asiyepiga teke mlango.

Sikumwambia.
Nilimpa taulo.

Nahonyo alitoa jasho, akapunguza milioni mbili,
moja kwa kila elfu kumi na tano alizozificha.
Cheti nilikichukua hata hivyo;
kinafaa kuwekea chungu cha moto.

Jumamosi nikapita gulioni,
nikanunua nailoni, mita nne, ile nyepesi ya kufunikia magodoro.
Issa hakuuliza kitu.
Akavivalisha viti, kimoja kimoja, akakunja pembe,
akarudi nyuma hatua mbili kutazama.
Kisha akaniita.
Yeye akashika upande ule, mimi huu,
tukaivua taratibu,
inalialia, kwa mikono yetu.